Dada, mama, bibi: namna ya kumuita na kumtaja mwanamke kwa Kiingereza bila kumvunjia heshima

Mdogo wangu kapata kazi ya risepsheni kwenye hoteli moja ya ufukweni kaskazini mwa Unguja, juzi usiku kanitumia voisi ya dakika sita analalamika, dada hivi mgeni wa kike mimi namuitaje? Maana msimamizi wake kamkataza "mama", mwenzake wa zamu ya asubuhi kamwambia sema "madam" yaishe, dereva wa wageni naye kamwambia "madam" kule Marekani ni mwenye danguro, bas kaishia kumuita kila mtu "my friend", hata bibi wa miaka 75 aliyekuja na fimbo. Nilianza kumjibu kwa meseji nikaona haziishi, ndo nimekaa niandike yote kwa mpangilio maana najua hili sio lake peke yake, kuna waongoza watalii wa Arusha na Diani, kuna dada zetu walioko Muscat na Dubai, kuna sisi tunaotunza wazee huku Marekani, kuna vijana wanaandika imeili za kuomba kazi kila siku, wote tunakwama palepale.

Kabla ya hatua yoyote shika hili kwanza, maana mengine yote yanatoka hapa. Kiswahili kinamheshimu mwanamke kwa kumwongezea umri na udugu. Binti wa dukani mwenye miaka 17 nikimuita "dada" nimempandisha, dada wa miaka 30 nikimuita "mama" nimempandisha zaidi, mama akizeeka anakuwa "bi mkubwa" na shikamoo juu, na kila akipanda anafurahi. Kiingereza kinakwenda kinyume kabisa. Heshima yao ni kunyamazia umri, kunyamazia kama kaolewa, kunyamazia kama ana watoto, unashika jina lake na unaishia hapo. Kwa hiyo ukichukua heshima yetu ukaitafsiri neno kwa neno unajikuta umemtukana mtu huku moyo wako mweupe kabisa.

Mimi yalinikuta. Siku yangu ya tatu kazini huku, asubuhi, nikaingia chumbani kwa mama mmoja wa miaka 84, alikuwa amekaa mbele ya kioo anachana nywele, nyeupe zote, na kitana cha mbao. Nikamwambia kwa furaha "Good morning, Grandma", kichwani mwangu hiyo ilikuwa shikamoo bibi. Kitana kikasimama. Hakunigeukia, aliniangalia kupitia kile kioo akasema taratibu kwamba yeye sio bibi wa mtu, alipata mtoto mmoja tu maisha yake yote na alimzika ana miezi minne. Nilibaki na taulo mkononi sijui niliweke wapi. Na uchungu ule sisi tunaujua, nenda kamuulize "wewe mama nani?" mwanamke aliyehangaika miaka kumi bila kupata mtoto, uone uso wake. Tofauti ni kwamba kwetu tumezoea kusamehe kwa sababu tunajua mtu alitaka kuheshimu, ila mzee wa watu huku hajui ulikuwa unataka kusema shikamoo.

Hatua ya kwanza: jiulize, unamuita au unamtaja?

Hayo ni mambo mawili na Kiingereza kinayatenganisha sana. Kumtaja ni pale unapomzungumzia kwa mtu mwingine, "kuna mwanamke pale risepsheni anasubiri teksi". Kumuita ni pale unapomwambia yeye mwenyewe usoni.

Ukimtaja, neno la heshima la kawaida kwa mtu mzima ni "woman". Najua wengi wetu tunaliogopa, tunaona kali, tunakimbilia "lady", kwa sababu kwetu "wewe mwanamke!" ni maneno ya ugomvi, mtu akikuita hivyo ujue kuna jambo. Lakini kumbuka hata Kiswahili "mwanamke" sio tusi ukiwa unamtaja, tunasema mwanamke wa kwanza kuwa rais, siku ya wanawake, na ndivyo hivyohivyo kwa Kiingereza. Kenya kila kaunti, zote 47, inachagua "Woman Representative" wake na hakuna anayeona ni matusi. "There is a woman waiting for a taxi", sentensi safi kabisa. Ila usimgeukie ukamwambia "Woman, your taxi is here", hapo umekuwa mume mkorofi kwenye sinema.

"Lady" nalo lina tabia yake. Kwa wingi, ukisalimia kundi la wanawake watu wazima, "Good evening, ladies" ni nzuri. Kumtaja, "the lady at table four", wahudumu wengi wanasema na linapokelewa vizuri. Lakini kumuita mtu mmoja "lady" peke yake bila jina, mfano "Hey lady!" au "Yes lady", kwa Mmarekani ni sauti ya mtu aliyekasirika kwenye foleni. Mapapasi wa ufukweni, wale vijana wanaofuatafuata watalii, wanalitumia sana hili wakidhani ni upole, wageni wanapita mbali. (Neno lenyewe asili yake nzuri mno, kwa Kiingereza cha kale lilimaanisha mkandaji wa mkate, yule anayekanda unga wa nyumba nzima, baadaye ndo likawa la mke wa bwana mkubwa.)

Hatua ya pili: kumuita usiyemjua, tumia "Excuse me"

Hii ni hatua fupi ila ndiyo itakayokuokoa mara nyingi kuliko zote. Sisi hatuwezi kumsimamisha mtu bila cheo cha udugu, lazima "samahani dada", "samahani mama". Wao "Excuse me" peke yake inatosha, haina umri, haina ndoa, haina udugu. Kadondosha skafu, "Excuse me, I think this is yours". Unataka kupita, "Excuse me". Usiongeze kitu mbele yake kama huna uhakika, ulimi utawasha kutaka kuongeza "sister" lakini uache.

Ukitaka kuongeza heshima ya kikazi hapo ndo unakuja ubishi wa mdogo wangu. "Madam" kwenye hoteli na maduka ya Uingereza na ya kwetu Afrika Mashariki ni neno la kawaida la huduma, "Good morning, madam", hakuna tatizo. Yule dereva naye hakukosea, Marekani neno hilo watu wa kawaida hawaitani, na likisimama peke yake kwenye habari linaweza kuwa ni huyo wa danguro kweli, lakini mgeni akiambiwa na mtu wa risepsheni anaelewa ni la kazi. Wamarekani wao wanasema "ma'am". Majimbo ya kusini kama Texas na Georgia watoto wanafundishwa "yes ma'am" toka wakiwa wadogo, ni adabu kama ilivyo shikamoo kwetu, na jeshini ofisa wa kike ni "ma'am" awe na umri gani, kama sisi tunavyosema "afande". Ila ukienda New York au California utakutana na mwanamke wa miaka 32 ukamwambia "ma'am" akakunja uso, anahisi umemwona mzee. Umeona sasa? Kwetu angechekelea.

"Miss" kwa mhudumu au binti usiyemjua inapita, Uingereza wanafunzi wanamuita mwalimu wa kike "Miss" hata awe ana wajukuu. Lakini mgeni wa miaka 60 usimuite "miss" ukidhani unamfurahisha, anajua umri wake.

Hatua ya tatu: pata jina, alafu weka taito sahihi

Ukishajua jina, maneno mengine yote weka pembeni. Na hapa naomba tulie kidogo maana ndipo tunapokosea zaidi hasa kwenye maandishi.

Taito ziko tatu na zote zimetoka kwenye neno moja la zamani, "mistress". "Miss" tunatamka mis, ni ya ambaye hajaolewa. "Mrs" tunatamka misiz, ni ya aliyeolewa. "Ms" tunatamka miz, sauti ya z kama ya nyuki mwishoni, hii haisemi kama kaolewa au hajaolewa, kama "Mr" ambavyo haisemi lolote kuhusu ndoa ya mwanaume. Hiyo "Ms" sio fasheni ya juzi, ilipendekezwa kwenye gazeti moja la mji wa Springfield, Massachusetts mwaka 1901, ikalala miaka mingi, ikaamshwa miaka ya 1960 na 1970 na wanawake waliokuwa wanauliza kwa nini wao tu ndo watangaze ndoa zao kila wakisaini karatasi, na gazeti la The New York Times lilikataa kuitumia mpaka mwaka 1986. Wafaransa nao 2012 serikali yao ikaondoa "Mademoiselle" kwenye fomu, kila mwanamke akawa "Madame".

Kwa hiyo kanuni ya kufanyia kazi: hujui kama kaolewa, andika "Ms". Unajua kaolewa, bado andika "Ms", mpaka yeye mwenyewe ajitaje "Mrs". Akijitaja "Mrs" basi mfuate, wapo wanaoipenda na hasa wajane wazee, ukiwabadilishia unawaumiza. Akiwa daktari au profesa, ni "Dr" au "Professor", usimshushe kuwa "Mrs" wakati mwenzake wa kiume mstari wa juu umemwandika "Dr", hilo nimeliona kwenye ratiba za mikutano mara nyingi sana na linakera.

Alafu, taito inakaa na jina la ukoo sio jina la kwanza. Sisi tumezoea "Madam Neema", "Mrs Grace", "Mwalimu Rehema", ni vizuri kwetu, tuendelee nayo. Lakini mgeni akiwa Mary Johnson, yeye ni "Ms Johnson". "Mrs Mary" ni ya kwetu nyumbani. Wapo wanaotumia "Miss" na jina la kwanza, "Miss Mary", nayo ni desturi ya Marekani ya kusini na ya Wamarekani weusi wengi, na walimu wa chekechea, ni tamu, ina heshima na ukaribu kwa pamoja, ila usiianze wewe mgeni, subiri uione inatumika pale ulipo.

Mtu anaweza kusema dada unakuza mambo, taito tu. Nimsimulie basi habari ya Mary Hamilton. Mwaka 1963 kwenye mji wa Gadsden, Alabama, mwanaharakati huyu wa haki za raia, mwanamke mweusi, alisimama kizimbani kutoa ushahidi, na mwendesha mashtaka akawa anamuita "Mary" tu, wakati mashahidi wazungu walikuwa wanaitwa kwa taito. Akakataa kujibu swali lolote mpaka aitwe Miss Hamilton. Jaji akamhukumu siku tano jela na faini ya dola 50 kwa kudharau mahakama. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani na mwaka 1964 ikampa haki. Mtu alikubali kulala jela kwa ajili ya neno ambalo sisi tunalipachika ovyo. Na babu zetu Kenya na Tanganyika wanaijua habari hiyo bila kuhadithiwa, mtu mzima mwenye wajukuu anaitwa "boy" na mtoto wa bwana, na mke wake ni "ayah" hana jina, wakati mwenye nyumba ni "memsahib".

Hiyo hiyo ndo sababu "auntie" inataka uangalifu. Sisi, Wahindi, Waafrika wote walioko nje, "auntie" ni heshima na kati yetu endelea nayo. Ila kule kusini mwa Marekani wazungu waliwaita wanawake weusi wazee "auntie" makusudi ili wasiwaite "Mrs", na kumbukumbu hiyo haijafutika, ndo maana hata ile chapa ya unga wa panikeki ya Aunt Jemima ilibadilishwa jina 2021. Mmarekani mweusi wa miaka 80 ukimwita "auntie" na lafudhi yako ya Tanga huenda akatabasamu, huenda isiwe hivyo. Muite "Ms" na jina lake, hutokosea.

Hatua ya nne: ukitaja umri, taja kwa usahihi

Mara nyingi umri hauhitajiki kabisa, "a woman called about the booking" inatosha, sio lazima "an old woman called". Ila kama unaandika ripoti ya hospitali, habari, au unamtafuta mtoto aliyepotea, basi umri ni wa lazima na maneno yenyewe ni haya.

Mchanga ni "baby", akianza kutembea mpaka kama miaka mitatu ni "toddler", baada ya hapo ni "girl" au "little girl". "Baby girl" ni ya kichanga tu, mwanamke mzima ukimuita hivyo ni mapenzi, na kama huna mapenzi naye ni usumbufu. Kuanzia miaka kumi na kitu acha "little", mwanangu ana miaka 13 na daktari alipomwambia "how is my little girl today" aliguna njia nzima kwenye gari mpaka nyumbani. Sema "girl" au "teenager". Miaka 16, 17, watu wengi kwa upole wanasema "young woman", na binti anavuta mabega akisikia, lakini "young lady" angalia sauti yako maana kwa watoto wengi hiyo ndo kauli ya mama akiwa anagomba.

Sasa hapa kuna kitu lazima nikiseme na naomba wenzangu mnaoandika habari mkisome mara mbili. Chini ya miaka 18, kwenye jambo lolote la kudhulumiwa, kuozeshwa, kubakwa, kupewa mimba na mtu mzima, usiandike "young woman". Andika "girl" au "child". Nimeona vichwa vya habari vya Kiingereza vinasema "underage woman", hakuna kitu kama hicho, huyo ni mtoto. "Relationship" kati ya mwanaume wa miaka 40 na mtoto wa miaka 14 sio "relationship". Neno likimkuza mtoto linampunguzia mkubwa kosa. Sisi Tanzania hili tunalijua kwa machungu, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, wakati Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa idhini ya wazazi na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, mpaka mwanaharakati Rebeca Gyumi akaenda mahakamani na Mahakama Kuu 2016 ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, Mahakama ya Rufani nayo ikakubali 2019. Kwa hiyo binti wa miaka 14 aliyeozeshwa usimwandike "a young wife", andika "a girl who was married off at 14". Refu kidogo, lakini msomaji anaona mtoto.

Kuanzia 18 kwenda juu ni "woman", ukitaka "young woman" kwa miaka ya ishirini. "Girl" kwa mwanamke mzima inategemea nani anasema, mashoga zangu tukitoka jioni ni "the girls" na raha zetu, bosi akisema "ask the girls in accounts" anamaanisha mhasibu wa miaka 45 aliyesoma kuliko yeye. Wakati wanaume wa ofisi hiyo hiyo hawaiti "the boys". Kipimo rahisi hicho: ungeweza kusema "boy" kwa mwanaume wa umri huo, kwa sauti hiyo? Kama hapana, acha.

"Middle-aged woman" iache kwa polisi na waandishi.

Hatua ya tano: wazee

"Old woman" kwa Kiingereza haina baraka iliyoko kwenye "bibi kizee" ya hadithi za nyumbani, inakata. Ukimtaja sema "older woman", au taja miaka, "a woman of 84", kwa wingi "older adults" au "older women". "Elderly" bado inasikika na sio tusi, ila wengi wanaikwepa siku hizi hasa "the elderly" kama vile wazee ni gunia moja. "Senior" Marekani ipo sawa.

Ukimuita, ni jina na taito, mpaka aseme vingine. Sio "Grandma", sio "Granny", sio "Mama", na sio "sweetie", "honey", "dear", ambazo utazisikia kutwa kwenye nyumba za kutunzia wazee mpaka uone ndo utaratibu. Kuna neno lake, "elderspeak", ni kule kumsemesha mzee kama mtoto, sauti nyembamba, "are we ready for our bath?", na watafiti wa uuguzi wameona kwamba wagonjwa wenye ugonjwa wa kusahau wakisemeshwa hivyo ndo wanazidi kukataa huduma, wanarusha mikono, wanafumba mdomo. Nimeshuhudia mwenyewe baba na mama watu wazima kabisa. Mzee anaweza kuwa kasahau leo ni siku gani ila anajua kabisa kama unamdharau.

Na "young lady" kwa bibi wa miaka 80, eti "how are you today young lady", watu wanaona wanachangamsha. Wengi hawapendi, muulize akiwa peke yake atakwambia.

Hatua ya sita: kazi zao pia zina majina

Hii ndo inaniuma kuliko nyingine. "Hausigeli". Mama wa miaka 42 ana watoto wanne kijijini Singida, anapika, analea, anafua, anaitwa "house girl", na tukifika kwenye Kiingereza tunaibeba hivyohivyo. Dada zetu wa Ghuba nao wanaitwa "khadama" mpaka wenyewe wanajiita hivyo. Neno la Kiingereza lenye heshima ni "domestic worker", ndilo lililoko kwenye Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011, na kama unajaza fomu au unaandika malalamiko yako ubalozini tumia hilo, maana "worker" ana haki zilizoandikwa. Kwa kazi mahsusi sema "nanny", "cook", "housekeeper".

Mengine haraka haraka: eahostesi ni "flight attendant", bamedi ni "bartender" au "server", "salesgirl" ni "sales assistant", na "chairlady" yetu tunayoipenda kwenye vikoba huko nje haieleweki sana, sema "chairperson" au "chair". "Lady doctor", "lady driver" hazina kazi, daktari ni daktari.

Hatua ya saba: futa haya kwenye meseji zako

"Female" kama jina la mtu. "Two females came", "I met a female". Hilo kwa Kiingereza linasikika kama "jike" linavyosikika kwetu, la daktari wa mifugo au ripoti ya polisi. Likiwa sifa halina shida, "female students", "female athletes", lakini likisimama peke yake mahali pa mtu weka "women".

"Dear". Sisi tunaandikiana "hi dear", "ok dear" wasichana kwa wavulana na hatuna maana yoyote, ila mwanamke wa nje asiyekujua akipata meseji "hello dear" kutoka kwa mwanaume anajua kimoja kati ya viwili, ama anatongozwa ama anataka kuibiwa hela. Kwenye barua "Dear Ms Johnson" ni sawa kwa sababu kuna jina. "Babe", "chick", "beautiful", "sexy lady" kwa mgeni au mfanyakazi mwenzio, hapana. "Slay queen" na "sugar mummy" najua zimezoeleka mitandaoni ila ni maneno ya kumpangia mtu thamani. Na "single mother", kwa Kiingereza lenyewe ni neno la kawaida, sisi ndo tumeligeuza "singo maza" likawa la kusutia, usimtambulishe mtu nalo, mtambulishe kwa jina lake na kazi yake.

Hatua ya nane: "she", "her"

Wengi hawataji hili kwenye miongozo kwa sababu sio Waswahili. Sisi tuna "yeye" moja kwa wote, kwa hiyo ulimi unapokimbia unasema "he" kwa mama mzima. Nimesikia makabidhiano ya zamu mtu anasema "he didn't sleep, she is in pain, his leg", mgonjwa ni mmoja na yupo pale anasikiliza. Kwa mwanamke ambaye nywele zimenyonyoka zote kwa matibabu, kuitwa "he" ni kisu. Dawa ni mazoezi tu, chagua mtu mmoja, mama yako, msimulie dakika mbili kwa Kiingereza kwa sauti kila siku ukiosha vyombo, she woke up, her tea, she went to the market, mwezi mmoja ulimi utanyooka. Pia mmoja ni "woman", wengi ni "women" inatamkwa wimin, hakuna "womens".

Hatua ya mwisho: uliza, na ukikosea rekebisha upite

Sentensi moja ikariri usiku huu: "What would you like me to call you?" Isemwe ukiwa umesimama vizuri, unamtazama, husemi huku unaandika. Atakachojibu ndo hicho, kiandike kwenye faili au kwenye kadi ya chumba ili wa zamu inayofuata asianze upya. Ukikosea, "I'm sorry, Ms Johnson", alafu endelea na kazi, usilie usijieleze dakika kumi kuhusu mila za kwetu mpaka yeye ndo aanze kukubembeleza wewe.

Yule mama wa kitana nilimuomba radhi siku ile ile jioni na nikamuuliza hivyo. Akasema "Mrs" na jina la marehemu mumewe, nikamuita hivyo. Baada ya wiki kama sita akaniambia basi imetosha, niite kwa jina langu la kwanza. Nikajaribu, mdomo ukakataa, mimi mtu wa miaka 84 siwezi kumuita kwa jina kavu kama mtoto wa jirani, nikamweleza hivyo hivyo. Akafikiri, akasema mama yake alikuwa mtu wa Georgia na kule wangesema "Miss" alafu jina la kwanza, je hiyo itapita? Ikapita. Sasa ana miaka 87, nikigonga mlango nasema hivyo, na yeye ananijibu kwa jina langu lote la Kiswahili, silabi nne, alinifanya nimrudie mara tatu kwenye korido mpaka akalipata.